Kutia Mafuta Kebo za Gari Kuukuu

Kijarida hiki kimeandikwa kwa ajili ya mkulima mwenye gari la zamani, pikapu au gari dogo, alitumialo kupeleka mazao sokoni na kurudi na mbolea na mbegu. Hakikuandikwa kwa ajili ya fundi, maana fundi ayajua mambo haya. Wala hakuna chombo kinachotajwa humu kisichopatikana nyumbani kwa mkulima au katika duka la karibu. Kinaeleza kazi moja tu, nayo ni kutia mafuta kebo zivutazo breki ya mkono, mafuta ya injini, klachi na vitu vingine. Ni kazi ya asubuhi moja. Wengi huiacha mpaka siku kebo ikatikapo, na kebo haina desturi ya kukatika gari likiwa limepumzika uani. Hukatika siku limebeba mzigo.

Mwandishi alipata kuliona jambo hili katika milima ya Usambara. Mkulima mmoja alisimamisha pikapu yake iliyojaa kabichi penye mteremko mdogo, akavuta breki ya mkono, akashuka ili azungumze na mnunuzi. Kishikio kilipanda na kukaa juu kama siku zote. Gari likatulia kitambo kidogo, kisha pakasikika mlio mwembamba chini yake, nalo likaanza kurudi nyuma. Likavuka barabara na kuangukia shamba la chini. Hakuumia mtu, kwa kuwa watoto waliokuwa wakicheza pale walikuwa wamekwisha kuitwa kula. Kebo ilipofunguliwa ilionekana kuwa ndani ya ala, mahali ambapo jicho halifiki, nyuzi karibu zote zimeliwa na kutu. Nyuzi tatu au nne tu ndizo zilizokuwa zikilishika gari pamoja na kabichi zake. Kwa nje kebo ile ilikuwa nyeusi na nzima, nzuri kuitazama.

KEBO NI KITU GANI

Kebo ina sehemu mbili. Ya ndani ni waya uliosokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba za chuma, kama kamba isokotwavyo kwa katani. Ya nje ni ala, ambayo nayo kwa kawaida ni waya mnene uliozungushwa kama springi iliyobanana, ukafunikwa kwa plastiki au mpira. Waya wa ndani huteleza ndani ya ala. Ukivuta upande mmoja, upande wa pili nao huvutika, hata kama kebo imepinda njiani kuizunguka injini. Ernest Monnington Bowden aliiandikisha kebo ya namna hii huko Uingereza mwaka 1896, na hadi leo baiskeli, pikipiki na magari mengi huitumia.

Yapasa ulishike neno moja kabla ya kuendelea: kebo huvuta, wala haisukumi. Ukiachilia kikanyagio, si kebo inayokirudisha, bali ni springi iliyopo upande wa pili. Springi hiyo haina nguvu nyingi. Kwa hiyo waya ukikwama kidogo tu ndani ya ala, mguu wako waweza kuushinda kwa kusukuma, lakini springi haiwezi kuushinda kwa kuurudisha. Ndiyo sababu kebo mbovu huonekana kufanya kazi vema wakati wa kuvuta, na hatari yake hujificha katika kurudi.

Kiharibucho kebo ni maji na vumbi. Maji huingia kwa ncha za ala, hushuka mpaka mahali kebo ipindapo chini kabisa, hukaa hapo, na kutu huanza. Vumbi la barabara zetu huingia kwa njia ile ile, likachanganyika na mafuta ya zamani na kuwa tope gumu lisagalo chuma kama msasa. Mahali penye pindo kali ndipo waya husuguana zaidi na ala. Kwa hiyo tazama kebo zako zimepitaje. Kama mtu alifungua injini akairudisha kebo kwa njia ya mkato, ikapinda kama kiwiko, irudishe katika njia yake ya kwanza yenye pindo pana, tena mbali na bomba la moshi, maana joto huyeyusha plastiki ya ala na kukausha mafuta.

Si kila gari lina kebo zote. Katika Land Rover za zamani breki ya mkono haishiki magurudumu, hushika mhimili utokao katika sanduku la gia, tena huvutwa kwa fito za chuma. Katika Volkswagen za zamani zenye injini nyuma, klachi na mafuta huvutwa kwa kebo ndefu zipitazo chini ya sakafu mpaka nyuma. Pikapu nyingi nyingine hazina kebo ya klachi. Klachi yake husukumwa kwa mafuta ya breki ndani ya mrija. Ukiona kikopo kidogo cha mafuta ya breki karibu na kikanyagio cha klachi, basi gari lako ni la namna hiyo. Usitie oili ya injini katika kikopo hicho hata tone moja, kwa kuwa huvimbisha mipira ya ndani na kuiharibu yote, ya klachi au ya breki zenyewe.

DALILI ZA KEBO IHITAJIYO KAZI

Dalili ya kwanza ni uzito. Kikanyagio au kishikio huwa kizito kuliko mwaka jana, lakini kwa kuwa huongezeka kidogo kidogo, mwenye gari huzoea. Mwombe jirani mwenye gari kama lako akuruhusu kukanyaga lake, utashangaa. Dalili ya pili ni kurudi polepole. Ya tatu ni mkwaruzo unaousikia mkononi, kana kwamba waya wapita katika mchanga.

Kwa breki ya mkono iko dalili nyingine. Ukiishusha, kishikio chashuka, lakini viatu vya breki vyabaki vimeshika, kwa sababu waya haukurudi. Gari huenda kwa uzito, hula petroli nyingi, na magurudumu ya nyuma hupata moto. Baada ya safari, karibisha mgongo wa mkono wako kwenye kila gurudumu la nyuma bila kuligusa. Kama moja lina joto jingi kuliko jingine, huenda kebo ya upande huo imekwama. Wengine husema gari limezeeka injini, wakatumia fedha nyingi kwa injini, na ugonjwa uko chini ya sakafu.

Mwisho, tazama ncha za waya, pale unapoingia katika kichwa chake cha risasi au cha shaba. Ukiona nyuzi zilizokatika, zimesimama kama miiba ya samaki, acha chupa ya mafuta. Kebo hiyo haina dawa, inunuliwe nyingine. Usiifunge fundo wala usiiunge kwa waya wa uzio. Mafuta huzuia uharibifu usiingie, lakini hayaungi chuma kilichokwisha kukatika.

TAMBUA AINA YA KEBO KWANZA

Hapa ndipo wengi wakoseapo, hata wenye bidii. Kebo za magari ya zamani sana ni chuma ndani ya chuma, nazo hutaka mafuta. Lakini nyingi zilizotengenezwa katika miaka ya baadaye zina mrija mwembamba wa nailoni au tefloni ndani ya ala, na mrija huo huteleza wenyewe. Watengenezaji wengi wa kebo hizo huagiza zisitiwe oili. Ukitia oili nzito au grisi, vumbi hunata, waya huvutika kwa shida, na utakuwa umeharibu kitu kwa kukitunza.

Kutambua si vigumu. Futa ncha ya ala kwa kitambaa, uchungulie mahali waya utokeapo. Ukiona duara jeupe au la rangi ya maziwa kati ya waya na chuma cha ala, ndiyo yenye mrija. Ukiona chuma kitupu kilichozungushwa, ndiyo ya kutiwa mafuta. Kebo yenye mrija ikiwa nzito, ifute ncha zake, na ukitaka kuipa kitu, ipulizie mafuta ya silikoni kidogo. Ikiendelea kuwa nzito, mrija umekwisha kulika na kebo yataka kubadilishwa. Nawe, kama gari lako ni kuukuu na limepitia mikono mingi, usidhani kebo zote ni za aina moja. Kila mwenye gari alinunua alichokipata. Chungulia moja moja.

MAFUTA YAFAAYO NA YASIYOFAA

Kwa kebo nyembamba, kama ya mafuta ya injini na ya choki, tumia oili nyepesi kama ile ya cherehani. Kwa kebo nene za klachi na breki ya mkono yafaa oili safi ya injini. Grisi ni kwa ncha na viungo, na kwa sehemu ya waya iliyo wazi.

Oili iliyomwagwa kutoka katika injini haifai kabisa. Ni nyeusi kwa sababu ina masizi, na pamoja na masizi ina chembe za chuma na asidi. Mkulima asiyetupa kitu atasikitika, lakini kuitia katika kebo ni kutia msasa. Mafuta ya kupikia na samli hayafai pia. Baada ya majuma machache huganda na kunata kama gundi. Mafuta ya taa husafisha vema, lakini hukauka na kuacha chuma kitupu, basi yatumie kuoshea tu, kisha ufuatishe oili. Kadhalika kopo la kupulizia la kufungulia nati zenye kutu ni la kuyeyusha kutu na kufukuza maji. Lisihesabiwe kuwa ndilo mafuta ya kudumu.

KAZI YENYEWE

Kebo iwezayo kufunguka, ifungue. Kabla hujaigusa, tia alama ya rangi au ya msumari mahali nati ya kurekebishia ilipo, ili uirudishe pale pale. Legeza nati, toa kichwa cha waya katika tundu lake, kisha uitoe kebo yote.

Itundike wima, katika msumari ukutani au katika tawi la mti. Twaa mfuko mdogo wa plastiki, kata pembe yake tundu dogo, upitishe ncha ya juu ya kebo katika tundu hilo mpaka mdomo wa ala uwe ndani ya mfuko. Funga kwa uzi au kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, ukikaza sana chini ya mdomo wa ala. Sasa una faneli. Weka kopo chini. Kama kebo ni chafu, mimina kwanza kijiko cha mafuta ya taa, mbali na jiko na sigara, kisha vuta waya juu na chini mara nyingi. Kitakachotoka chini kitakuwa cha rangi ya kutu. Rudia mpaka kitoke safi, uiache kebo ichuruzike hadi iwe kavu. Kisha mimina oili, kijiko kimoja au viwili, vuta tena juu na chini, uiache usiku kucha. Oili hushuka polepole. Mtu mwenye haraka huona imejaa juu akadhani imefika chini. Asubuhi, ukiona tone safi katika kopo, kazi imetimia. Futa nje, paka grisi kidogo katika vichwa vya waya, uirudishe mahali pake.

Kebo ndefu ya Volkswagen huweza kuvutwa nje, ikafutwa, ikapakwa grisi urefu wake wote, ndipo ikaingizwa tena katika bomba lake.

BREKI YA MKONO

Kebo hii aghalabu haitolewi kwa urahisi, nayo ndiyo ipatayo maji na matope zaidi ya zote. Kazi yake hufanywa chini ya gari, kwa hiyo soma maneno haya mara mbili. Liweke gari mahali tambarare. Weka mawe makubwa au magogo mbele na nyuma ya magurudumu, tia gia ya kwanza, kisha ndipo ushushe breki ya mkono. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki hutereza katika udongo laini, na gari halimpi mtu nafasi ya kutoka. Kama ni lazima liinuliwe, liegemeze juu ya vigogo imara.

Safisha waya ulio wazi na ncha za ala kwa brashi na mafuta ya taa. Vuta nyuma kifuniko cha mpira, kama kipo, utie matone machache ya oili katika mdomo wa ala, umwombe mtu aliye ndani avute na kushusha kishikio mara ishirini. Tia matone mengine, arudie. Paka grisi sehemu iliyo wazi na viungo vyote. Futa oili katika mpira, maana oili hulainisha mpira na kuupasua, na kifuniko hicho ndicho kizuiacho maji. Magari mengine ya miaka ya 1950 na 1960 yana chuchu ya grisi katika ala ya kebo hii. Kama lako linayo, tumia bomba la grisi, nayo kazi itakuwa fupi.

Jihadhari na jambo hili: nyuma kabisa kebo huingia ndani ya ngoma ya breki. Oili nyingi ikimiminwa upande huo itafuata waya mpaka ndani na kulowesha viatu vya breki, na viatu vilivyolowa oili havishiki tena. Kwa sehemu ya nyuma tumia grisi kidogo, wala usitie oili. Mtu aliyetaka breki njema asijikute hana breki kabisa.

KEBO YA MAFUTA YA INJINI

Kebo hii ni nyembamba na rahisi kufungua, lakini ikikwama huua. Ijaribu injini ikiwa imezimwa. Mtu mmoja akanyage mpaka mwisho, kisha aondoe mguu ghafula, nawe utazame kwenye kabureta. Mkono wa kabureta urudi mara moja mpaka kwenye kikomo chake, ukigonga kwa sauti. Ukirudi kwa kusitasita, fungua kebo ujaribu mkono wa kabureta peke yake. Kama wenyewe warudi vizuri, kosa liko katika kebo. Kama hata wenyewe wasita, tazama springi na mhimili wake. Angalia pia zulia la sakafuni lisiwe limepanda juu ya kikanyagio.

Kama siku moja gari litakimbia nawe njiani, mguu umeuondoa na injini yazidi kunguruma, kanyaga klachi, toa gia, shika breki kwa nguvu mpaka gari lisimame, ndipo uzime. Usizungushe ufunguo mpaka mwisho gari likiwa katika mwendo, maana usukani waweza kujifunga. Injini italia sana ukitoa gia, iache ilie.

SPIDOMITA

Waya wa spidomita hauvuti, bali huzunguka. Sindano ikirukaruka au pakiwa na mlio nyuma ya saa hiyo, fungua kebo upande wa saa, uvute waya nje, uufute, upake grisi nyepesi kidogo sana. Urefu wa shibiri moja ulio karibu na saa uuache mkavu, kwa sababu waya uzungukapo hupandisha grisi juu kama parafujo, nayo ikiingia ndani ya saa huiharibu.

KUREKEBISHA NA KUJARIBU

Kebo iliyotiwa mafuta haivutiki sawa na ilivyovutika jana, basi rekebisho laweza kubadilika. Kikanyagio cha klachi ya kebo lazima kiwe na nafasi kidogo ya kushuka kabla hakijaanza kuvuta; bila nafasi hiyo klachi hubaki imekanyagwa nusu, ikateketea. Kipimo utakipata katika kitabu cha gari, au fundi atakuonyesha. Kebo ya mafuta nayo iwe na ulegevu kidogo mguu ukiwa umeondolewa. Katika pikipiki, geuza usukani pande zote mbili huku injini ikiwa inanguruma polepole. Mngurumo ukipanda, kebo yabanwa mahali.

Breki ya mkono ijaribu katika mteremko mdogo usio na watu wala mifugo chini yake. Weka mawe hatua moja chini ya magurudumu, kaa ndani, vuta breki, kisha uondoe mguu polepole katika breki ya kawaida. Likishika, lijaribu tena siku ukiwa na mzigo. Likisogea, usifanye bidii ya kukaza kebo zaidi na zaidi. Huenda viatu vimekwisha.

Fanya kazi hii mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Wakaao pwani waongeze mara moja kwa sababu ya chumvi ya hewa, na wavukao mito wazitazame ncha kila baada ya kuvuka maji mengi. Pikipiki ifuate maneno haya haya. Kebo yake ya klachi hufunguliwa kwenye usukani, na faneli ya mfuko yatosha kuijaza bila kuitoa yote. Mwenye trekta la zamani la dizeli asiisahau kebo ya kitasa cha kuzimia injini. Mara nyingi hukaa miaka bila kuguswa, na siku mtu amenaswa nguo katika mhimili wa nyuma ndipo kitasa huvutwa kikakataa.

Ukienda kununua kebo mpya, chukua ya zamani mkononi. Urefu wa waya, urefu wa ala na umbo la vichwa vyote viwili vilingane. Tofauti ndogo ya ala peke yake yatosha kuifanya isikae. Kama ni ya chuma kitupu, itie oili kabla ya kuifunga garini, ukiitundika kama ilivyoelezwa. Ile ya zamani, ikiwa haijakatika, ioshe, uitie mafuta, uizungushe duara pana, uiweke nyuma ya kiti.